Kitambaa cha Mtani

Kila alfajiri Getruda aliupooza uji kwa kuumimina kutoka bakuli hadi bakuli, akaingia kwa mama mkwe wake, akapiga magoti na kuamkia. Mama Apolinaria alikuwa akijibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akinyoosha mikono kuupokea uji. Asubuhi hiyo hakujibu. Alimtazama mkwewe usoni, akageukia ukutani.

"Umenizibia pua," alisema. "Mimi, niliyekupa mwanangu. Ninanuka?"

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, na homa kali ya mafua ilikuwa imeshuka Goweko pamoja na abiria wa treni. Sista wa misheni aliagiza kila anayeuguza afunge pua na mdomo kwa kitambaa kilichochemshwa. Getruda alikuwa na kichanga kinachonyonya. Mumewe, Anton, alikuwa kazini na genge la reli upande wa Kigwa, na hapakuwa na mwingine wa kumlisha mama. Lakini kwao Unyamwezini, kuziba pua mbele ya mgonjwa ni kumwambia kwamba ameshaoza. Na Getruda, ambaye hata kanisani sauti yake haikumfikia jirani wa benchi, alishindwa kujieleza. Aliuweka uji chini, akatoka. Jioni aliukuta umeganda.

Kesho yake yakawa yale yale. Midomo ya mama ilikuwa imepasuka kwa kiu. Getruda alisimama uani, vidole vikiwa kwenye fundo la kisogoni. Akifungua, mtoto ataugua. Asipofungua, mama atakufa kwa njaa.

"Unalia nini, wewe?" Alikuwa Batuli, mke wa fundi wa reli, akipita na ndoo ya maji kichwani. Getruda akamnong'oneza.

Batuli alitua ndoo. Yeye alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hutukana hata msibani, na anayemkasirikia ndiye anayeaibika.

"Nipe kitambaa na mimi," alisema. Akajifunga hadi chini ya macho, akausukuma mlango.

"Hodi! Nimekuja kumzika Mnyamwezi wangu. Kumbe bado anapumua? Nimeacha maji yangu bure!"

Kutoka kitandani sauti iliyokauka ikasema, "Nani kamfungulia huyu mwizi wa nazi?"

"Babu zako walifika kwetu na pembe mabegani, wananuka jasho mpaka minazi ikainama. Leo nije kwako pua wazi? Sina wazimu! Na huyu mkweo nimemfunga mimi. Ukiukataa uji wake, umemnunia mtani."

Mama Apolinaria alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akacheka tena. "Mzaramo huna haya," alisema, na akanyoosha mikono.

Aliumaliza uji wote.

Kuanzia siku hiyo Batuli hakutulia. Alipita nyumba kwa nyumba akiwatukana wagonjwa na kuwafunga vitambaa wauguzaji wao. Alimkamata Nikolaus, mpakia mizigo, aliyejidai mwanamume hafungwi uso. "Kwa hayo meno, mtani, ulipaswa kufungwa zamani!" Stesheni nzima ikaangua kicheko, na Nikolaus akainama afungwe. Wateka maji, wapagazi, hata karani wa tiketi, wote wakafuata. Masufuria ya vitambaa yalichemka kila ua.

Homa ilipoondoka, Mama Apolinaria alitoka nje kwa miguu yake. Majirani walipiga vigelegele. Batuli alidai jogoo, fidia ya kunyimwa maziko, akamchukua mwenyewe bandani.

"Utani umekufungulia mlango," alimwambia Getruda, jogoo akipiga kelele kwapani. "La moyoni utalisema mwenyewe."

Getruda alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, watu wote wakitazama. Uso ulimwaka moto. Safari hii hakunong'ona.

"Mama, sikuwa na kinyaa nawe. Niliogopa kumzika mwanangu, na niliogopa kukuzika wewe. Nakupenda, mama."