Twita za Marehemu

Wateja walimwita Mama Spika, na hakuna spika iliyowahi kumshinda. Mbili tu za sebuleni kwake hazikuwahi kuguswa, na si kwamba zilimshinda. Alizikataa.

Zilikuwa za mumewe. Alikuja nazo kwenye ndoa, pamoja na kanda moja ya marehemu mke wake wa kwanza akiimba. Twita za spika hizo, yaani zile spika ndogo za juu zinazotoa sauti nyembamba, zilikuwa zimekufa kwa uzee, hivyo marehemu aliimba kama mtu aliyejifunika blanketi. Mwisho wa wimbo alinong'ona maneno ambayo hakuna aliyeyashika.

"Alikuwa ananiambia mimi," mume alisema kila mara. "Nimesahau nini. Nitengenezee, fundi wangu, nisikie."

Na fundi wake akajibu kila mara kwamba spea hazipatikani. Miaka mitano, spea hazipatikani.

Uongo mtupu. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Lakini afadhali mke mwenza aliye hai, huyo utamwona akizidisha chumvi, akinuna, akizeeka. Huyu wa kwenye kanda hakuzeeka hata siku moja. Wivu ulimla, na alijua ni aibu kumwonea wivu maiti, ila kujua hakukumsaidia kitu.

Siku moja alimkuta mzee wake amepiga magoti, sikio amelibandika kwenye spika. Roho ikamsuta. Akachukua bisibisi.

Mafuta yanayokaa kwenye ufa wa sumaku yalikuwa yameganda kama gundi, yameishika koili, ule waya mwembamba unaotikisa kuba, isicheze. Akachovya vipande vya karatasi kwenye spiriti, akausafisha ufa mpaka karatasi ikatoka nyeupe. Akadondosha mafuta mapya kwa sindano, akairudisha kuba ya kitambaa huku amebana pumzi, maana ikikunjwa imekwisha. Ya pili hivyo hivyo. Aliifanya kazi vizuri kuliko alivyowahi kumfanyia mteja yeyote, na hilo nalo lilimuudhi.

Wakaketi. Kanda ikaanza, na marehemu akaingia sebuleni na pumzi zake zote. Wimbo ukaisha. Mnong'ono ukaja wazi kabisa: "Sina mwingine, na sitaki mwingine."

Mzee alikuwa bado ameinamisha kichwa. "Mbona ni ile ile?" akasema.

Hapo ndipo fundi alipoelewa. Miaka yote hiyo aliziogopa twita, kumbe hata masikio ya mzee yalikuwa yamechakaa. Alipima kila kitu kilichoingia nyumba ile, mume hakumpima.

"Wewe umesikia?" mzee akauliza. "Anasema nini?"

Mkewe akamwangalia. "Anasema funga mlango, baridi inaingia."

 Mzee akaanza kucheka, mabega yakamtikisika, mpaka akafuta machozi.

"Ndiye. Ndiye huyo kabisa. Hata akirekodi lazima anigombeze." Akamshika mkewe mkono, macho yake yakiwa kwenye spika. "Rudisha tena, mama."

Akarudisha. Sitaki mwingine, ilisema kanda, na mzee akacheka palepale. Mkewe alikaa na mkono wake ndani ya mkono ule, wivu umemkaba kuliko siku zote. Sasa marehemu alipendwa mpaka kwa maneno aliyotungiwa.