Mama Mkwe Bila Futi

Sebuleni walikuwapo wanne: mama mkwe, kwenye kochi, akichambua maharage, wifi mtu, aliyekuja kuazima pasi akasahau kuondoka, mume, ambaye ni fundi saa, na mkewe, fundi cherehani, penseli sikioni, futi ya kupimia shingoni.

Ilikuwa siku ya tisa tangu fundi cherehani atume picha ya mchoro wake kwa mwalimu aliyemfundisha kwa njia ya simu. Katika darasa la kuchora watu ilibaki nafasi moja tu, na majibu yangechukua wiki mbili. "Usiuache mkono ulale," mwalimu aliandika. Basi akachora birika, viatu, mume akisinzia. Kila kitu alikipima kwanza kwa futi, kama anayekata gauni, namba akaziandika pembeni. Hata ule mchoro aliotuma, wa mumewe, ulipimwa kuanzia kidevuni hadi utosini.

"Leo zamu yako, mama," alisema, akiikunjua futi.

"Unanipima sanda?" Mama mkwe aliipiga futi kofi. "Mimi nina maharage yangu. Chora, usinishike!"

"Wifi, leo umepatikana!" wifi mtu akaangua kicheko.

Fundi akachora bila kupima. Mama mkwe hakutulia: mara ainame, mara atupe kijiwe, mara amkaripie mwanawe. Penseli ikamfukuzia. Bega likapinda, vidole vikawa saba, na muda wa kufuta haukuwapo.

Mume akaikamata karatasi. "Lo! Huyu mama hasa! Hata ukali wake umo."

"Naona," mama mkwe akasema, akichungulia. "Na shingo umenipa nzuri."

"Kumbe yule uliyemtuma kwa mwalimu," wifi mtu akamwambia fundi, akimnyooshea kaka yake kidole, "ni mlango wenye masharubu!"

Walicheka hadi maharage yakamwagika. Fundi hakucheka. Aliiweka michoro miwili mezani, huo na ule wa mumewe, akaitazama, kisha akachukua simu ili abadilishe aliotuma.

"Lakini ukibadilisha, si unarudi mwisho wa foleni?" mume akauliza.

"Narudi." Aliivua futi shingoni. "Jamani, nisikilizeni. Ule wa kwanza nauondoa sasa hivi, namtuma mama. Nafasi ikienda kwa mwingine, iende. Na kuanzia kesho, humu ndani hapimwi mtu isipokuwa aliyeleta kitambaa."