Msitu wa Mbegu Tatu

Jicho, kama walivyomwita nyumbani, aliajiriwa kuutazama mji kutoka angani bila kupanda ndege. Setilaiti ilipiga picha, kompyuta ikatambua majani, naye akaichorea manispaa ramani: wapi kuna miti, wapi jua linawabanika watu. Mitaa iliyo mitupu ndiyo ingepewa miche, na orodha ilikuwa ifungwe Ijumaa saa sita mchana.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo shangazi yake akapiga simu. Alikuwa fundi cherehani anayeshonea barazani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi.

"Mtaa wetu mmeunyima miche. Eti tuna msitu."

"Ramani inaonyesha hivyo, Shangazi. Kijani tele."

"Basi njoo unipeleke kwenye huo msitu, nikapumzike. Mkono huu wa upande wa jua umeshaiva."

Jicho akaenda na ramani yake kwapani, kifua mbele. Akauzunguka mtaa mzima. Mti hata wa dawa hakuuona. Ndipo alipoinua macho. Juu ya mabati, nyumba hadi nyumba, mboga za maboga zilikuwa zimetambaa zikafunika kila kitu.

"Kapanda nani maboga haya?"

Shangazi akakohoa kidogo. "Mbegu tatu tu. Sikujua kama zitawatembelea majirani."

Jicho alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikamkauka. Kompyuta ilihesabu majani. Haikuuliza kama yako mtini au juu ya bati. Na hii ilikuwa ramani yake ya kwanza, ile ambayo mkuu wa idara aliisifu mbele ya wafanyakazi wote.

"Niyakate?" Shangazi akauliza kwa unyonge.

"Usiguse hata jani. Kosa ni langu."

Saa nne alikuwa ofisini. Akafungua picha nyingine, iliyopigwa jua likiwa bado chini, saa ambayo kila kitu kirefu hulaza kivuli pembeni. Kwa Shangazi palikuwa na vivuli vya kuta tu, vimenyooka kama rula. Kivuli cha mti hakinyooki hivyo. Akaupekua mji mtaa kwa mtaa, na saa sita kasorobo akasimama mbele ya mkuu.

"Ramani niliyokupa ina makosa. Kuna mitaa minne nimeipa miti isiyokuwepo."

Mkuu akatazama picha, akatazama saa, akachukua kalamu.

"Kosa si kosa," akasema, akiiongeza mitaa yote minne. "Ila usirudie."

Jicho alishuka ngazi mbilimbili kama mtoto siku ya kufunga shule.

Wiki iliyofuata miche ikapandwa. Adhuhuri Jicho akamkuta Shangazi ameitoa cherehani barazani, ameiweka katikati ya jua kali, kando ya mche usiomfika hata goti, anashona huku anaimba.

"Shangazi, huo bado hauna kivuli."

"Najua, mwanangu. Nawahi nafasi."