Laini ya Mama Ghorofa

Fundi miwani alipohamia nchi ile, mtu wa kwanza kumwamini alikuwa mwenye nyumba wake. Watu walimwita Mama Ghorofa, ingawa ghorofa yenyewe ilikuwa nguzo tupu zilizochomoza juu ya dari, na kazi yake ilikuwa kuanikia nguo. "Inakuja," alikuwa akiwaambia waliomcheka. "Nyie chekeni tu."

Alipomkabidhi mpangaji wake mpya ufunguo wa chumba, alimuuliza kama ana simu. Fundi akasema simu anayo, laini ndiyo hana. Mgeni hasajiliwi laini mpaka awe na kitambulisho cha taifa cha mkazi wa kigeni, na kitambulisho ndiyo kwanza alikuwa amekiomba.

"Basi twende," Mama Ghorofa akasema, akajitupia mtandio begani.

Kwenye kibanda cha simu akatoa kitambulisho chake mwenyewe, akabonyeza kidole kwenye mashine, na laini ikawa yake kwa jina, ya fundi kwa matumizi. Njiani akamwambia, "Ukitukana watu, atakayekamatwa ni mimi. Kwa hiyo ukitukana, tukana kwa adabu."

Namba hiyo fundi alimpa mama yake, ng'ambo ya mpaka. Mama hakuwa na simu wala hakuitaka. Alikuwa akiazima ya muuguzi jirani, na kwa kuwa hakuwahi kusoma, aliikariri namba ya mwanawe kwa kuiimba huku akiosha vyombo, mpaka ikamkaa kichwani. Kila Jumapili alasiri simu ya fundi iliita. Waliongea mambo yasiyo na uzito wowote: magoti yake, kuku wa jirani, bei ya sabuni. Kisha mama akasema haya, nisije nikamaliza vocha ya watu, akakata bila kuaga.

Kazi ya fundi ilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani. Huko alikata lenzi kwenye gurudumu linalozunguka na kutiririkiwa maji, akazipiga msasa kingo, akalainisha fremu kwenye mchanga wa moto ili lenzi ziingie bila kupasuka. Ni kazi ya kuinama. Wateja walimjua dada wa mapokezi; yeye walimsikia tu, ule mlio wa gurudumu nyuma ya pazia.

Kila alipopata nafasi alipitia ofisi ya vitambulisho. Karani wa dirishani alishamzoea kiasi kwamba alimjibu kabla hajafungua mdomo.

"Bado. Kikiwa tayari utatumiwa meseji."

Mwanzoni fundi alikasirika. Baadaye akawa anahuzunika. Mwisho akawa haoni hili wala lile; alikwenda kama mtu anavyokwenda kunyoa, anakaa kwenye benchi, anaambiwa bado, anarudi kazini.

Kisha Mama Ghorofa akafariki. Alianguka sokoni akiwa anabishana juu ya bei ya ndoo, presha, na hakuamka tena. Fundi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Alitegemea kwamba pale kaburini machozi yatamtoka, akayasubiri, hayakuja. Alirudi chumbani akafua mashati yake, akayapandisha kwenye zile nguzo, akasimama pale juu mpaka yakakauka.

Wiki chache baada ya msiba, asubuhi moja akiwa kazini, simu yake ilipoteza mtandao. Alidhani ni hali ya hewa. Aliporudi jioni alikuta nusu ya mtaa umekuwa bubu: muuza mkaa, mama wa chapati, wapangaji wote wa nyumba ile na wa nyumba ya pili. Kumbe Mama Ghorofa alikuwa amewasajilia laini watu asiojua hata majina yao ya pili.

Fundi akamfuata mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akifuatilia mambo ya mirathi.

"Kaka, laini yangu ilikuwa kwa jina la mama."

"Lo! Na wewe pia?" Mtoto mkubwa akashika kichwa. "Kule kwenye kampuni waliniuliza, tufunge zote zilizo kwa jina lake? Nikasema fungeni. Nilijua ni moja."

"Haziwezi kufunguliwa?"

"Nimeuliza. Wanataka alama ya kidole chake."

Wakatazamana, kisha kila mmoja akaangalia chini.

Dada wa mapokezi alimwazima fundi simu yake, akapiga namba ya yule muuguzi jirani wa mama. Haikupatikana. Akapiga kesho yake, na keshokutwa, mpaka dada akamwambia aiandike tu kwenye ukuta wa mapokezi ili yeye mwenyewe awe anaijaribu wateja wakipungua. Haikupatikana. Fundi akampata dereva wa lori aendaye upande ule, akamwelekeza nyumba ilipo. Dereva aliporudi alisimama mlangoni mwa duka, kofia mkononi.

"Nyumba nimeiona. Ina kufuli. Majani yameota mpaka kizingitini."

"Majirani?"

"Wa upande wa yule muuguzi wamehama. Wa upande wa pili walisema kuna gari lilikuja, wakamchukua bibi. Lilikuwa la nani, wakasema hawajui."

"Asante," fundi akasema, akarudi kwenye gurudumu lake. Lenzi aliyoikata alasiri ile ilikuwa sawasawa, haikuzidi wala kupungua.

Angekwenda mwenyewe. Lakini karani alishamwonya kwamba anayetoka nchini bila kitambulisho, maombi yake yanafutwa na kurudi haruhusiwi, na fundi hakuwa na kazi nyingine duniani zaidi ya ile ya chumba cha nyuma. Akakaa. Moyoni alishaamua kwamba mama amekufa, ila hakumwambia mtu, na kwa kuwa hakumwambia mtu, hakuna aliyempa pole. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Jumapili alasiri alijikuta ameiweka simu mezani, imezimika kama kipande cha mbao, akaanza kulala mchana ili wakati ule umpite.

"Fundi," dada wa mapokezi akamwambia siku moja, "siku hizi ukisalimiwa unaitika kama bawaba."

"Nimechoka tu."

"Umechoka na nini? Mbona unakaa tu?"

Kweli alikuwa anakaa tu.

Alikwenda ofisi ya vitambulisho kuomba wabadilishe namba ya simu kwenye maombi yake, waweke ya duka.

"Kubadilisha namba, uje na kitambulisho," karani akasema.

"Kitambulisho ndicho ninachokisubiri."

"Sawa. Kikitoka utabadilisha."

"Na kikitoka, hiyo meseji mtaituma wapi?"

"Kwenye namba uliyojaza."

Fundi alimtazama vizuri aone kama anatania. Hatanii. Tena alikuwa mtu mwema, alikuwa amemsogezea kiti. Fundi akashukuru akaondoka. Nje alisimama kwenye ngazi, watu wakimpita kulia na kushoto, akijaribu kukumbuka alikuwa anaelekea wapi.

Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi, gurudumu halizunguki, na tajiri wake akamruhusu aondoke. Miguu ikampeleka kule kule ilikozoea. Dirishani hakumkuta yule karani. Alikuwepo mama mmoja wa makamo aliyefunga mkono wa miwani yake kwa plasta. Mama yule hakusema bado. Alichukua stakabadhi, akavuta droo, akatoa kifurushi cha vitambulisho vilivyofungwa kwa mpira, akavipekua kwa kidole gumba.

"Hiki hapa," akasema. "Kaka yangu, kimekaa huku mpaka kimechoka. Ulikuwa wapi? Si ulitumiwa meseji?"

"Ile namba ilifungwa."

"Haya, pole. Sahihi hapa."

Kilikuwa chepesi. Kwenye picha alikuwa mnene kuliko sasa. Fundi alisimama chini ya kivuli cha ukuta, akaingoja furaha ije kama mtu anayengoja chafya. Pua ikawasha kidogo, basi. Akakitia mfukoni.

Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la simu akaomba arudishiwe namba yake ya zamani. Muuzaji aliiandika kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Hii ilishapewa mtu mwingine, zamani tu. Chukua mpya." Fundi akachukua mpya. Kwa mara ya kwanza alibonyeza kidole chake mwenyewe kwenye mashine. Alipotoka nje na laini iliyo hai alitambua kwamba hakuna namba anayoijua kwa kichwa, isipokuwa ile yake ya zamani. Akaipiga, bila kujua anataka nini.

"Haloo, saluni," sauti ya mwanamke ikaitika, nyuma yake mashine za kukausha nywele zikivuma.

"Samahani dada. Namba hii zamani ilikuwa yangu. Nilitaka tu kuuliza kama kuna mtu..."

"Subiri. Zima hiyo mashine, wewe!" Mvumo ukakoma. "Wewe ndiye Kitinda?"

Jina hilo alikuwa akiitwa na mtu mmoja tu. Fundi akaegemea ukuta.

"Ndiyo mimi."

"Jamani! Mama yako ananipigia kila Jumapili!" Msusi akaanza kumwaga maneno. "Kwanza nilimwambia, bibi, umekosea namba. Akasema, sijakosea, naijua, nipe mwanangu. Nikakata. Akapiga tena. Wiki inayofuata tena. Nikamwambia mwanao simjui, akasema, kumbe ameoa na hakuniambia. Kaka yangu, nimekana mpaka nimechoka. Anasema mwanamke mwenye heshima hatangazi ndoa yake. Sasa ananiita mkwe. Habari za magoti yake ninazo zote, goti hili na goti hili."

"Yuko hai," fundi akasema.

"Yuko hai nini, ananigombeza! Yuko kwa mdogo wake, walikuja kumchukua alipoanguka. Na ulitumiwa meseji hapa, eti kitambulisho kiko tayari. Nikajua ni matapeli, nikaifuta. Unisamehe."

Fundi akasema si kitu. Akamuuliza mama anapiga kwa namba ipi. Msusi akasema kila mara ni namba nyingine, anaazima kwa wapita njia, na ukiirudia unampata mtu asiyemjua. "Njoo Jumapili," akasema. "Ukae hapa umngoje."

Jumapili fundi alikaa kwenye saluni, mwanaume peke yake, kati ya wanawake waliopakwa dawa kichwani. Wote walikuwa wameshapewa habari. Mmoja alimletea soda. Mwingine alimwambia mkeo ni huyu hapa, mbona hujatoa mahari, wakacheka, na fundi akatabasamu kwa kuwa alijua hapo ndipo mtu hutabasamu. Ndani yake kulikuwa kimya kama chumba kilichohamwa. Aliogopa kidogo jambo moja tu, kwamba sauti ya mama itafika na yeye ataisikia kama anavyosikia gurudumu.

Simu ikaita. Msusi akafuta mikono, akapokea. "Shikamoo mama... Wote wazima... Hapana, leo nina mtu hapa. Ngoja."

Fundi akaishika kwa mikono miwili. "Mama, ni mimi."

Sauti ikasema, "Mimi nani?"

"Kitinda."

"Mbona unaongea kama mtu wa redio?"

Akajaribu kuongea vingine, akashindwa. Mama akapumua kwa nguvu. "Nilikuwa nawaambia," akasema. "Nilikuwa nawaambia hapa, hajafa, ana kazi nyingi tu. Mkewe ameniambia." Nyuma yake fundi akasikia watoto wakicheza mahali asipopajua. Alihisi mkono wake wa kushoto umekufa ganzi kwa jinsi alivyoibana simu. Akaulegeza.

"Nakuja, mama. Kitambulisho nimepata."

"Njoo. Sasa nirudishie mkwe, tulikuwa hatujamaliza."

Alimrudishia. Waliongea wao kwa wao kwa muda, msusi akiitikia ehe, ehe, akimtazama fundi kwenye kioo.

Alisafiri mwezi huohuo, akiwa na maelekezo ya njia ambayo msusi alimchukulia kwa mama. Mpakani ofisa alikiangalia kitambulisho, akamwangalia usoni, akakirudisha, akamwita mtu wa nyuma. Fundi alibaki amesimama kidogo akidhani kuna jingine, mpaka akasukumwa begani kwa upole.

Kwa mama mdogo alimkuta mama ameketi kwenye jamvi, mguu mmoja umenyooshwa. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alimpapasa uso mzima, hata masikio, kisha akataka kukiona hicho kitu. Fundi akampa. Mama akakigeuza upande huu na huu.

"Hiki ndicho kilichokuweka kule?"

"Hicho."

Akakirudisha, akasogea kumpa nafasi. Fundi alijilaza pembeni yake na viatu vyake miguuni, ili apumzishe mgongo tu. Usingizi ukamchukua papo hapo. Wageni waliokuja kumwona walimkuta hivyo, na mama akawaashiria mmoja baada ya mwingine, kidole mdomoni, wakae, wanyamaze, mtoto amelala.