Mtachoka Anajifunza Kukamata

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Henrique alikuwa akimfundisha mbwa wake kumpa mkono mtu asiyemjua. Mbwa aliitwa Mtachoka, jina ambalo Henrique alimpa ili majirani wasemaji walisikie kila anapomwita. Alishajua kukaa, kulala, kucheza kwa miguu ya nyuma na kuleta ndara bila kuitafuna. Kila alipopatia alitupiwa kichwa cha samaki mkavu.

Mwaka huo gesi ilikuwa imepatikana baharini, na mashamba yote kutoka barabara ya Palma hadi pwani yalikuwa yamezungushiwa waya na kampuni ya gesi. Mkuu wa walinzi, senhor Custódio, alimwajiri Henrique pamoja na mbwa wake, akaongeza amri mbili za Kireno: pega, yaani kamata, na larga, yaani achia. Mtachoka alizishika ndani ya siku nne. Alikuwa na akili kuliko wengi waliomwajiri.

Ndani ya waya lilikuwamo shamba la Awa, mjane wa mvuvi. Muhogo wake ulikuwa umekomaa, na nyumbani hakuwa na chakula kingine. Akainua waya, akaingia na jembe. Walinzi walikatazwa kumgusa mwanamke, wageni wasije wakapiga picha. Mbwa hakukatazwa.

"Pega!" akasema Custódio.

Mtachoka akamrukia Awa, akazamisha meno kwenye shavu la mguu, akatikisa kichwa kama alivyofundishwa. Mguu wa Awa ulilowa mate tu. Suruali ya Custódio ndiyo iliyojaa damu, na kipande cha nyama kikamdondokea juu ya buti.

"Larga! Larga!"

Mbwa akaachia. Awa akaosha mguu mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi, kisha akachimba muhogo wake. Lurdes, muuguzi wa kambi ya kampuni, alimshona Custódio nyuzi kumi na tisa, akamuuliza kama amechanjwa pepopunda. Hakuuliza kingine.

Custódio hakuwa mjinga. Wiki iliyofuata alikuja akichechemea kwa mkongojo, akamwita Henrique.

"Kuanzia leo amri utatoa wewe."

"Chefe, yule mama anachimba chakula chake."

"Usipotoa, mbwa nampiga risasi."

Bastola ilikuwa tayari sikioni mwa Mtachoka, na Mtachoka, aliyefundishwa kukaa, alikuwa amekaa.

Henrique alitoa amri. Paja lake likapasuka hadi mfupa ukaonekana. Awa aliosha mguu mara saba, akajaza kikapu. Alhamisi mbwa alimkamata Awa mkono, na Henrique akapoteza vidole viwili. Awa alivikuta kwenye majani, akavifunga kwenye kitambaa, akampelekea mwenyewe. Jumamosi lilikuwa bega. Wanawake wengine wenye mashamba walikuwa wameanza kumfuata Awa na vikapu vyao. Ni jambo la kuchukiza, lakini lilikwenda kwa utaratibu.

Jumatatu Awa alifika kwenye waya, hakuuinua.

"Mwanangu, mkono unaendeleaje?"

"Unauma, mama. Lakini wewe ingia tu. Usiniangalie mimi."

"Mama yako yu hai?"

"Yuko Mueda."

"Atasema mimi ndiye niliyekumaliza."

"Ingia, mama. Watoto wako watakula nini?"

Awa aliutazama muhogo wake, shina kwa shina, kisha akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Wanawake waliokuwa nyuma yake nao wakageuka. Henrique aliwaita, akawaita tena kwa kulia, wala hakuna aliyerudi.

Trekta liliingia shambani kabla ya Ijumaa. Custódio aliandika kwenye ripoti kwamba mbwa amefuzu, akaomba wengine sita. Aliomba na wakufunzi sita, wote wawe vijana wa maeneo ya jirani, wapole, wanaopendwa na watu.