Toleo la Tisa

Msimamizi aliishika karatasi yetu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika nepi chafu, akauliza: "Nani kaandika hii?"

Cherehani arobaini zikanyamaza. Yangu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, maana mguu wangu ulikuwa umeganda kwenye kanyagio.

Tulikuwa na miaka ishirini na moja, mimi na Redio. Jina hilo alibandikwa pale kiwandani kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Tulipanga chumba kimoja, tukilala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, kichwa huku na miguu kule, na tulikuwa na gauni moja la kutokea, ambalo yeye lilimbana na mimi lilinipwaya. Sikumbuki kama tulijiona maskini. Tulikuwa na gazeti.

Kila Jumapili mchana tuliketi sakafuni, yeye akisema, mimi nikiandika kwa kalamu nene nyuma ya karatasi kuukuu za kukatia vitambaa. Alikuwa na habari za mtaa mzima: bomba lililokauka, mwalimu mwenye watoto mia darasani, mwenye nyumba anayepandisha kodi kila akiongeza mke. Jumatatu asubuhi tulilibandika ukutani karibu na bomba, kisha tukapanga foleni na ndoo zetu, tukijifanya nasi ndiyo kwanza tunalisoma. Watu wakicheka, Redio alinifinya mkono. Niliamini kabisa kwamba ikifika mwisho wa mwaka dunia itakuwa imenyooka.

Toleo la tisa lilihusu mlango. Msimamizi alikuwa akitufungia kwa kufuli, kwa nje, tangu asubuhi hadi saa ya chakula, ili tusitoketoke.

"Andika hivi hivi," alisema Redio. "Moto ukiwaka, ufunguo uko mfukoni mwa nani?"

Tulificha majina yote, hata la kiwanda. Kwa werevu wetu wote, tulisahau jambo moja: mimi ndiye niliyeandika vikaratasi vya kutambulisha mafurushi ya vitambaa vilivyokatwa, kola huku, mikono kule, na vilining'inia kwenye kila meza kiwandani. Mwandiko ulikuwa ule ule.

Msimamizi akisubiri jibu, nilimfikiria mama na dawa zake, ambazo zilitegemea cherehani ile. Nilitaka kusimama, naapa nilitaka. Kiti cha Redio kikakwaruza sakafu kabla ya changu.

"Ni mimi, bosi."

"Wewe?"

"Mimi. Na huo mlango ufungue, joto litatumaliza kabla ya moto."

Watu walicheka kwa woga. Msimamizi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama kikaratasi kilichokuwa mezani kwangu. Kisha akamwambia Redio akusanye vitu vyake.

Jioni nilimkuta akikunja nguo. Nikamwambia angeniacha niseme mwenyewe.

"Ungesema saa ngapi, mwenzangu?" Hakuwa na ubaya sautini. "Wewe una mama. Mimi nina mdomo tu, nao hauhitaji cherehani."

Alikwenda kwa shangazi yake, mji mwingine. Aliniandikia barua mbili, nikajibu moja, ya pili nikaiahirisha hadi nikaona haya kuijibu. Tangu hapo nimekaa vyumba vingi, vingine vyenye vitanda vipana, na bado nalala nimejibana ukutani, nikimwachia nafasi. Wenzangu wa rika husema wanautamani ujana. Mimi namtamani yeye, pale sakafuni, akiamini kwamba jambo nikiliandika kwa herufi nzuri litatengenezeka.

Asubuhi iliyofuata kufukuzwa kwake niliingia kazini nikiwa nimevimba macho. Kufuli halikufungwa siku ile, wala halikufungwa tena. Kabla ya saa ya chakula msimamizi akaniita mezani kwake, akanisogezea karatasi safi na kalamu nene.

"Niandikie tangazo la getini. Anahitajika mshonaji mmoja."

Nikachukua kalamu.

"Liandike vizuri," akaongeza, macho yake yakiwa kwenye kazi zake. "Mwandiko wako naujua."

Nikainama, nikaandika. Nilijitahidi herufi zisifanane na zangu, lakini mkono ulishazoea. Tangazo likatoka zuri sana.