Kuona Niachie Mimi

Mdomo wangu hauna breki, na hilo mtaa mzima unalijua. Wanaokuja saluni kwangu hufuata mambo mawili, nywele na maneno, na maneno siwatozi. Kwa hiyo mnisamehe nikiisimulia habari ya mtoto wa kaka yangu huku nacheka. Hata mwenyewe siku hizi hawezi kuimaliza bila kushika mbavu.

Jina lake ni la marehemu baba yangu, ndiyo maana tangu azaliwe namwita Baba. Nimembeba mgongoni, nimempangusa makamasi, nimemvuta miguu alipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na bado ni Baba. Alipomaliza shule alikaa nyumbani akirekodi video kwa simu: paka, mvua, kaka yangu akikoroma. Tukasema basi, huyu tumempoteza. Kumbe!

Filamu yake ya kwanza aliipigia humu humu saluni. Hadithi ilikuwa nyepesi. Mama mkwe ambaye hajawahi kumwona mke wa mwanawe anaingia kusukwa, anakaa kitini, anaanza kumsema huyo mke kuanzia unyayo hadi utosi, na anayemsuka ndiye mke mwenyewe. Mama mkwe nilikuwa mimi. Fundi seremala wa jirani alikuwa mume wangu, na mteja wangu mmoja mwenye sauti ya asali alikuwa mkwe.

Kila kipande kikiisha, Baba aligeuza simu, tukasongamana kuangalia, na kila mtu akatoa la moyoni. "Hapo umekodoa macho kama umebanwa na mlango." "Fundi, kitambi chako kimeingia kwenye picha kabla yako." Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni, kisha tukarudia. Ile sehemu iliyowaua watu kwa vicheko, mama mkwe anapogundua ukweli akiwa kasukwa nusu kichwa, hawezi kuondoka wala hawezi kukaa, aliibuni fundi seremala.

Mwenye ukumbi wa sinema, mama mmoja asiyechekacheka ovyo, aliichukua kwa jioni moja. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Jioni moja ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Watoto wa watu wakawa wananiita Mama Mkwe barabarani, na mimi nageuka kwa maringo yote. Ndipo mwenye ukumbi akamwita Baba ofisini kwake, nami nikafuatana naye.

"Niletee ya pili," akasema. "Ikijaza ukumbi wiki nzima, nitagharamia nyingine tatu, na hawa watu wako nitawalipa mshahara."

Fundi alipopata habari aliibusu randa yake, akaanza kuiaga. Mimi nilikuwa nimeshachagua rangi mpya ya kupaka saluni.

Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu wangu alisifiwa akavunja na kibuyu. Kwanza akanunua miwani myeusi, akawa anaivaa hata sebuleni, anagonga meza na kuiomba radhi. Kisha akaitwa redioni. Mtangazaji akamuuliza ni nani waliomsaidia kutengeneza filamu nzuri vile. Sisi tumetega masikio, nami nina kichwa cha mteja mikononi.

"Hakuna," Baba akajibu. "Ni kipaji changu tu."

Mkono wangu ukakaza wenyewe. Mteja akapiga yowe. "Shangazi! Hiki ni kichwa changu, si chake!"

Siku ya pili akaja saluni kutuaga. Filamu ya pili, akasema, itakuwa filamu kubwa, ya majonzi, na ina waigizaji waliosomea. Sisi tulikuwa wa kuanzia tu.

"Yaani sisi vijinga vya kuwashia moto?" fundi akamuuliza.

"Msichukulie vibaya, jamani."

Nilichukulia vibaya. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kusuka. Lakini nilimwombea pia, maana mtoto uliyemlea hata akikupiga teke, unaangalia kwanza kama mguu wake umeumia.

Moyo ukanituma nimpelekee chakula kazini. Alikuwa amekodi nyumba ya tajiri mmoja, na sebule yake ilikuwa na vioo ukuta hadi ukuta, ukiingia unajikuta umekuwa kumi. Mlangoni palibandikwa karatasi: HAKUNA KUMSEMESHA MKURUGENZI. Ndani, Mkurugenzi mwenyewe alikuwa kwenye kiti chenye cheo chake mgongoni, miwani usoni, na kijana wa watu amemshikia mwavuli. Mwavuli ndani ya nyumba! Nikatazama dari kama inavuja.

"Baba, chakula," nikasema.

"Shangazi, hapa kazini naitwa Mkurugenzi."

"Na mimi niliyekuosha makalio, nakuitaje?"

Watu wote wakainama ghafla kufunga kamba za viatu, hata wenye ndala. Baba akajifanya hakusikia. Akaamuru kazi iendelee. Mpiga picha, mtu mzima mpole, akainua mkono.

"Samahani, Mkurugenzi. Hivi vioo, nilikuwa naona kwamba..."

"Wewe kazi yako ni kubonyeza," Baba akamkata. "Kuona niachie mimi."

Mkono ukashuka. Hakuna mwingine aliyeinua wake siku ile, na nilivyosikia baadaye, hata siku zilizofuata. Kukata na kuunganisha filamu alifanya peke yake, mlango umefungwa, asije mtu akamwibia maarifa.

Jioni ya kuionyesha, ukumbi ulifurika kwa sifa za ile ya kwanza. Baba alikaa mbele na suti nyeupe. Mimi na fundi tulikaa nyuma kabisa, tumenuna, lakini mioyo ikidunda. Ikifaulu hii, tuliambiana, huenda ile ahadi ya filamu tatu ikatufikia na sisi.

Taa zikazimwa. Tajiri amefariki, amelazwa sebuleni, mjane wake amepiga magoti anaomboleza. Yule mwigizaji alijua kulia, nikatoa kitambaa changu. Nyuma yake, kwenye kioo, ametulia mwanamume mwenye miwani myeusi.

"Huyo ndiye muuaji," mama mmoja mbele yangu akanong'ona.

Ukumbi mzima ukamkazia macho muuaji. Mjane akajitupa juu ya maiti. Muuaji akaweka sawa kola ya shati. Mjane akapiga ukelele wa kutoa roho. Muuaji akageuza shavu la kulia, akalitazama, akageuza la kushoto, akaridhika.

"Muuaji gani anajipenda hivi?" fundi akauliza kwa sauti.

Picha iliyofuata ilipigwa upande mwingine wa sebule. Sasa alikuwa kwenye vioo vinne, viti vinne, miavuli minne. Mjane akanyoosha mikono juu, akalia, "Ee Mungu wangu, nimebaki peke yangu!"

"Hujabaki peke yako, dada, mko watano!" mtu akapaza sauti. Mwingine akadakia, "Jamani, si ndiye Mkurugenzi yule?"

Hapo ukumbi ukaanguka. Watu walicheka wakashikana na wasiojuana nao. Kila mjane alipofungua mdomo, watu walimtafuta Mkurugenzi kwenye vioo, wakimpata wanashangilia kama bao. Nilijizuia, wallahi nilijizuia, nikauma kitambaa. Kisha akatokea akipiga miayo huku jeneza linapita, na mimi nikaachia. Fundi alishaishiwa pumzi, ananipiga begani tu.

Taa zilipowaka, suti nyeupe ilikuwa imesimama peke yake mbele. Mwenye ukumbi akamwendea, akazungumza naye bila kupandisha sauti, nami nilikuwa nimeshasogea, nikasikia kila neno.

"Kesho naonyesha ya mtu mwingine. Na yale mazungumzo yetu ya filamu tatu, tuyaishie hapa."

"Mama, nipe wiki moja nirekebishe."

"Utarekebisha nini, mwanangu? Umo kila mahali." Akamshika mkono, akaenda zake.

Basi, zikaenda. Filamu tatu, mshahara wa fundi, rangi ya saluni yangu, vyote. Tulimkuta nje, amekaa kwenye ngazi za ukumbi. Watu walipita wakimpungia na kumwita muuaji. Nilikuwa nimepanga maneno yangu toka ndani, makali, ya kumla mzima mzima bila chumvi. Akavua miwani akanitazama, na macho yalikuwa yale yale ya kwenye ndoo.

"Mbona hakuna aliyeniambia, Shangazi?"

"Mpiga picha alianza. Unakumbuka ulimjibu nini?"

Akainamisha kichwa. Alikumbuka.

"Tuache hayo," nikasema. "Mimi nina swali moja. Umejifungia na hiyo filamu wiki kadhaa, unakata, unaunganisha, unatazama. Hukujiona humo kwenye vioo?"

Akageuzageuza miwani mikononi.

"Nilijiona," akasema. "Kila picha nilijiona."

"Sasa?"

"Nikaona nimependeza."

Fundi ndiye aliyeanza. Alikaa chini palepale kwenye ngazi, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Maneno yangu makali yote yakanitoka kwa kicheko, nikayapoteza, mpaka leo sijayapata. Baba alitutazama kwanza kama mtu aliyeonewa, midomo ikimcheza. Kisha naye akapasuka. Alicheka kwa ile sauti yake ya utotoni ambayo sikuwa nimeisikia tangu anunue ile miwani, machozi yanamtiririka, na sikuweza kujua yapi ni ya kicheko na yapi ni ya zile filamu tatu. Nikamvuta, nikambana kifuani, na suti yake nyeupe nikaipaka wanja bega zima.